Mfundishe mtoto kumpuliza Nairobi flai, asimponde

Mvua zinapoanza kunyesha, sisi madaktari hujua mapema ni wagonjwa wa aina gani watakaokaa kwenye benchi nje ya vyumba vyetu. Wako wenye malaria, wako wenye kuhara, na wako wenye mistari myekundu shingoni, mkononi au karibu na jicho, utadhani mtu amewachapa kwa waya wa moto. Katika kundi hili la mwisho watoto huwa wengi. Ukiwauliza nani kawaumiza, hawajui. Ukweli ni kwamba wengi wao wamejiumiza kwa mkono wao wenyewe, usiku, wakiwa nusu usingizini.

Wamemponda mdudu mdogo ambaye Wakenya wengi wanamwita Nairobi flai. Wiki hii, ndugu msomaji, ningependa tumzungumzie mdudu huyu, na hasa namna ya kumtambulisha kwa mtoto wako. Dawa iliyo bora zaidi ya ugonjwa huu haimo dukani. Ni yale mtoto anayoyajua kabla mdudu hajatua kwenye ngozi yake.

Si nzi wala si wa Nairobi peke yake

Jina lake linapotosha mara mbili. Kwanza, yeye si nzi. Ni wa jamii ya dundu, wale wadudu wenye mbawa za juu ngumu, kama fukusi anayekula mahindi ghalani. Pili, hapatikani Nairobi tu. Hapa Kenya zinajulikana aina mbili, ambazo wataalamu wanaziita Paederus eximius na Paederus sabaeus. Duniani kote kuna zaidi ya aina 600 za ukoo huu, kuanzia Afrika hadi Asia na Amerika. Mwezi Julai 2022, wanafunzi wapatao 100 wa chuo cha uhandisi katika jimbo la Sikkim, nchini India, walipata majeraha ya ngozi kutokana na wadudu hawa, na magazeti ya huko yakatumia jina hili hili la Nairobi.

Ni rahisi kumtambua. Urefu wake ni milimita 7 hadi 10, kama punje ndefu ya mchele, na mwili wake ni mwembamba. Kichwa ni cheusi. Kifua ni cha rangi ya machungwa au chekundu. Mgongoni ana mbawa fupi za buluu au kijani iliyoiva, ambazo hazifiki hata nusu ya mwili. Kisha tumbo linarudia ile rangi ya machungwa na kuishia kwa ncha nyeusi. Anaweza kuruka, lakini zaidi hupenda kukimbia. Akishtuliwa huinua mkia wake juu kama nge, na hapo ndipo watu wengi hudhani anataka kuuma.

Haumi. Wala hana mwiba wa kuchoma. Jambo hili ndilo la kwanza ambalo mtoto anapaswa kulijua, kwa sababu anayedhani kwamba mdudu anataka kumwuma atampiga kofi, na kofi ndilo linaloleta balaa.

Kwa nini nawataja watu wa Bangale

Huenda wewe unayesoma gazeti hili Nairobi au Mombasa unajiuliza jambo hili linakuhusu vipi, hasa ikiwa unakaa ghorofa ya nne. Linakuhusu kwa sababu mtoto wako huenda likizo. Chukua mfano wa Bangale, katika kaunti ya Tana River. Ukitoka Nairobi kuelekea Garissa unapita Mwingi, unapita Ukasi, na kabla hujafika Madogo na daraja la mto Tana unaukuta mji huo mdogo kando ya barabara kuu. Ni nchi kavu, ya ng'ombe, mbuzi na ngamia. Kwa miezi mingi ardhi huwa vumbi tupu, na mtu anaweza kukaa huko msimu mzima wa kiangazi asimwone Nairobi flai hata mmoja.

Halafu mvua hunyesha. Laga, yaani mito ya msimu, hujaa. Silanga za kunyweshea mifugo hufurika. Nyasi humea kwa siku chache, na udongo uliokuwa mgumu kama tofali hulainika. Mdudu huyu hutaga mayai yake kwenye udongo wenye unyevu, na mabuu yake huhitaji unyevu huo ili wasife. Ndiyo maana huongezeka ghafla mvua zinapozidi kiwango cha kawaida. Wakenya wenye umri wangu wanakumbuka mvua za El Nino za 1997 na 1998 na wadudu waliozifuata. Waliongezeka tena mwaka wa 2007, kisha 2019 na 2020. Watu wa Tana River na Garissa wanazikumbuka vizuri pia mvua za Novemba 2023, zilizofurisha barabara hapo Madogo hata magari yakashindwa kupita.

Tazama sasa jinsi mambo yanavyokutana. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na huo ndio wakati shule zinapofungwa na watoto wa mjini kupelekwa kwa nyanya. Jioni wadudu hawa huvutwa na mwanga, hasa mwanga mweupe mkali. Na katika mji mdogo wenye giza pande zote, mwanga mweupe uko wapi? Uko kwenye taa ya sola ukutani, kwenye kibanda cha duka, na pale watoto wa madrasa wanapokaa na loho zao baada ya magharibi. Mtoto anainama kusoma, mdudu anatua shingoni, mkono unakwenda wenyewe. Mtoto wa Bangale huenda ameshaonywa na kaka yake. Wako kutoka mjini hajui lolote.

Sumu iko wapi

Sumu ya Nairobi flai imo ndani ya damu yake. Inaitwa pederini. Watafiti wawili wa Italia, Pavan na Bo, ndio walioitenga mwaka wa 1953, na ili kupata kiasi cha kutosha kuichunguza ilibidi wadudu milioni 25 wakusanywe. Ni kidogo mno, lakini ni kali. Inapoingia kwenye ngozi huzuia chembe za ngozi zisitengeneze protini, na chembe hizo hufa.

Watoto wakubwa hufurahia sana sehemu inayofuata. Mdudu mwenyewe hatengenezi sumu hiyo. Inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mwili wa jike. Jike huipitisha kwenye mayai yake, na hivyo mabuu huzaliwa wakiwa na ulinzi dhidi ya buibui wanaotaka kuwala. Sumu hiyo basi ni silaha ya mama ya kulinda watoto wake. Haikukusudiwa mwanadamu hata kidogo.

Kwa hiyo Nairobi flai anayetembea mkononi mwako bila kuguswa kwa kawaida hakudhuru. Anayepondwa ndiye anayekuunguza. Na hata aliyekufa na kukauka bado ana sumu, kwa hiyo mtoto asiwaokote kwa vidole asubuhi chini ya taa.

Mtu asiye na hatia asilaumiwe

Shida kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba hauonekani papo hapo. Mtoto anamponda mdudu usiku wa leo, na asubuhi hakuna kitu. Baada ya saa 12 hadi 36 ndipo ngozi huwa nyekundu na kuanza kuwaka kama imeungua. Siku ya pili au ya tatu hutokea malengelenge madogo, mengine yenye maji, mengine yanayofanana na usaha. Mara nyingi huwa katika mstari, kwa sababu kidole kilimburuta mdudu juu ya ngozi. Kwa wakati huo mdudu ameshasahauliwa, na watu huanza kutafuta wa kulaumiwa.

Nakumbuka familia moja iliyorudi Nairobi kutoka likizo huko Bangale na msichana wa miaka sita. Shingoni alikuwa na mstari wa malengelenge, na kwenye mkunjo wa kiwiko alikuwa na doa jingine. Mama yake aliingia na yaya nyuma yake, na kabla sijasema neno akaniambia, "Daktari, huyu amemchoma mwanangu kwa kijiko cha moto." Yaya alikuwa analia. "Wallahi mama, sikumgusa," ndilo neno alilokuwa akilirudia. Shangazi aliyekuja nao alikuwa na maoni yake: huo ulikuwa mkanda wa jeshi, na mtoto apimwe damu haraka.

Nilimwomba mtoto akunje mkono, kisha aunyooshe. Doa lilikuwa juu ya mkunjo na chini ya mkunjo, mawili yanayolingana, kama wino unapokunjiwa ndani ya karatasi. Hii ni alama inayotusaidia sana sisi madaktari. Sumu ilikuwa upande mmoja, mtoto akakunja mkono akilala, ikahamia upande wa pili. Kijiko cha moto hakiwezi kufanya hivyo. Nilimwuliza mtoto kama aliona mdudu mwekundu na mweusi huko kwa nyanya. Akajibu mara moja, "Niliwaua wengi."

Yaya yule angefukuzwa kazi siku hiyo, na pengine kupelekwa polisi. Ndiyo sababu naona elimu hii si ya ngozi peke yake.

Kuhusu mkanda wa jeshi, tofauti ni hizi. Mkanda kwa kawaida hutanguliwa na maumivu kwa siku kadhaa, hufuata upande mmoja tu wa mwili, na huwapata zaidi watu wazima na wale ambao kinga yao imepungua. Tetekuwanga nayo huja na homa na kutapakaa mwili mzima. Jeraha la Nairobi flai hukaa pale sumu ilipogusa, zaidi sehemu zilizo wazi: uso, shingo, mikono. Wala haliambukizi kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Ndugu wawili wakipata siku moja, maana yake wote wawili walimponda mdudu, au walilalia shuka moja yenye sumu.

Jicho ndilo la kuhofiwa

Jeraha la ngozi huuma, lakini hupona. Kwa kawaida malengelenge hukauka na kuambuka katika wiki moja hadi tatu, na alama nyeusi hubaki kwa wiki au miezi kadhaa kabla ya kufifia. Jicho ni jambo jingine. Mara nyingi mdudu hapondwi ndani ya jicho. Mtoto humponda kwingine, vidole vikabaki na sumu, kisha akafikicha jicho. Kope huvimba hadi jicho likafunga, weupe wa jicho huwa mwekundu, na machozi hutoka. Madaktari huliita tatizo hili jicho la Nairobi. Likifikia konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, linaweza kuleta kidonda.

Mtoto akipata hivyo, mwoshe jicho kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mpeleke kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usimtie maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala wanja. Na usimtie matone ya macho yaliyobaki kwenye kabati, hasa yenye dawa za steroidi, bila kupimwa. Matone hayo yanaweza kulizidisha tatizo ikiwa konea ina kidonda.

Kwa ngozi, fanya hivi. Ukigundua tu kwamba mdudu amepondwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, usingoje wekundu. Osha na mikono. Badilisha nguo na shuka, uzifue. Kama jeraha limeshatokea, liwekee kitambaa safi kilicholowa maji baridi mara kadhaa kwa siku, na usiyatumbue malengelenge. Daktari anaweza kukupa krimu ya kupunguza uvimbe na vidonge vya kupunguza mwasho. Dawa za kuua bakteria huhitajika tu iwapo jeraha limeingiwa na uchafu na kutunga usaha. Dawa ya meno, mafuta ya taa, jivu na maji ya betri havina kazi hapa. Huongeza kuungua juu ya kuungua.

Jinsi ya kumtambulisha kwa mtoto

Nimeona wazazi wakimtisha mtoto: "Huyo mdudu atakuua!" Mtoto aliyeogopa hupiga kofi haraka zaidi. Afadhali umfahamishe kwa utulivu, kabla ya safari, mchana, mkiwa mmekaa.

Anza kwa rangi. Mwambie achore mdudu mwembamba mwenye kichwa cheusi, kifua cha machungwa, mbawa fupi za buluu, tumbo la machungwa na ncha nyeusi. Mtoto wa chekechea anayejua rangi anaweza kulifanya hili. Mkimpata mdudu mwenyewe, mzazi amsukume kwa karatasi hadi ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, asimguse kwa vidole. Mtoto amtazame anavyokimbia na kuinua mkia. Kisha mwachilieni nje, mbali na nyumba.

Halafu mcheze mchezo. Weka punje ya mchele juu ya mkono wa mtoto. Akiipiga, ameshindwa. Akiipuliza hadi ikaanguka, ameshinda. Rudieni shingoni, ambako hawezi kuona. Huko ajifunze kutulia na kuita mtu mzima, au kumwondoa mdudu kwa kipande cha karatasi. Mkono wa mtoto hujifunza kwa kurudiarudia. Usiku wa manane, akiwa na usingizi, hatakumbuka maneno yako. Mkono wake ndio utakaokumbuka mchezo.

Mwisho mpe maneno matatu ayashike kwa moyo: *puliza, osha, sema*. Puliza mdudu. Osha mahali alipopita kwa sabuni. Sema kwa mtu mzima, hata kama humwoni tena na hata kama hapaumi. Neno la tatu ni muhimu kwa sababu ya ule muda wa kungojea. Mtoto aliyesema usiku anaokoa maneno mengi asubuhi ya pili.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hawezi kuyashika haya. Huyo alindwe na neti. Mwenye miaka minane na zaidi mweleze habari za bakteria na buibui, kisha mpe kazi ya kuwafundisha wadogo zake. Watoto husikia zaidi kutoka kwa watoto wenzao.

Nyumbani wakati wa mvua

Funga madirisha na milango kabla giza halijaingia, au weka wavu. Taa ya nje iwe mbali na mlango na mbali na mahali watoto wanaposomea, na ikiwezekana iwe ya mwanga wa manjano. Neti ile ile ya malaria hufaa sana, bora ichomekwe chini ya godoro. Kitanda kisigusane na ukuta ulio chini ya taa. Kung'uta shuka na mto kabla ya kulala, na kung'uta nguo kabla ya kuvaa. Fyeka nyasi na uondoe majani yanayooza karibu na nyumba. Ukipuliza dawa ya wadudu, fagia maiti zao kwa ufagio na kizoleo, kisha uzitupe.

Lakini usimfundishe mtoto kwamba mdudu huyu ni adui wa kuangamizwa. Shambani hula vidukari na wadudu wengine waharibifu, na mkulima wa Bura, Hola au delta ya Garsen anafaidika naye bila kujua. Akiwa kwenye mpunga wake, yuko kazini. Akiwa shingoni mwa mtoto, amepotea njia, na kinachotakiwa ni kumwondoa kwa pumzi moja.

Kama mnapanga safari ya kwenda Bangale, au Mwingi, au kokote kulikonyesha, tia kipande cha sabuni na neti kwenye mkoba wa mtoto. Na jioni ya leo, baada ya chakula, itafute punje moja ya mchele mchezee mchezo ule.